Bei ya Petroli Siku za Dhiki



Hivi karibuni, baada ya sala ya Ijumaa, ndugu mmoja mkazi wa Mbagala, ambaye hana muda mrefu tangu alipoingia katika Uislamu, alitujia na swali. Alisema limemkaa moyoni miaka mingi, na kwamba asingethubutu kuliuliza mbele ya watu. Tumemwomba ruhusa tulieleze hapa bila kumtaja, kwa kuwa tunaamini si yeye peke yake mwenye swali hilo.

Mwaka 2011 ndugu huyu alikuwa akiishi Kigogo, katika Kinondoni, na riziki yake ilikuwa pikipiki ya kubeba abiria. Mwanzoni mwa mwezi wa Agosti aliwahi foleni alfajiri kwenye kituo cha mafuta, akanunua petroli madumu mawili ya lita ishirini ishirini. Dumu la kwanza aliligawa katika chupa akaliuza siku ile ile, akajipatia faida ndogo. Dumu la pili alilisukuma chini ya kitanda. (Jambo ambalo, licha ya hukumu yake mbele ya Mungu, lilihatarisha maisha ya watoto waliolala juu ya kitanda hicho, lakini hilo tuliache.) Siku ya tatu vituo vilipokauka na mtaa mzima ukawa hauna hata tone, alilitoa, akauza kila lita kwa bei maradufu ya ile iliyotangazwa na serikali. Mnunuzi wake mmoja alikuwa jirani yake, aliyekuja usiku kutaka lita tano ili gari la kukodi limpeleke mkewe hospitali. Jirani hakubishana juu ya bei, kwa kuwa hakuwa na nafasi ya kubishana.

Swali lenyewe ni hili: je, fedha zile zilikuwa halali? Na kama hazikuwa halali, je, si zimesamehewa, maadamu wakati ule hakuwa Mwislamu?

Kabla hatujajibu, yatupasa tukumbushane hali ilivyokuwa mwaka ule, maana hukumu ya jambo haitengani na hali yake. Mvua zilikuwa zimepungua. Mwaka huo huo ukame uliishika Pembe ya Afrika kwa ukali hata Umoja wa Mataifa ukatangaza, mwezi wa Julai, kwamba katika sehemu za Somalia kuna baa la njaa. Kwetu sisi ukame ulijionyesha kwa namna nyingine: maji ya bwawa la Mtera yalishuka, na kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme wa nchi wakati ule ilitegemea nguvu ya maji, taa zilizimika. Mgawo wa umeme ulikuwa wa saa nyingi kila siku. Fundi wa kuchomelea wa Temeke, kinyozi wa Mwananyamala, muuza samaki mwenye jokofu, kila aliyeweza alitafuta jenereta. Na jenereta hainywi maji, hunywa mafuta. Hivyo ukame ulioanzia huko yanakotoka maji ya mto Ruaha ukaingia mjini kwa mlango wa kituo cha petroli.

Serikali haikukaa kimya. Mwezi wa Julai bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliondolewa Bungeni baada ya wabunge kuikataa, na iliporudishwa mwezi wa Agosti ilikuwa na mpango wa dharura wa kupata megawati 572, nyingi zikitokana na mitambo ya kukodi, ambayo baadhi yake nayo ilihitaji mafuta. Juu ya hayo, katika soko la dunia vita vya Libya vilikuwa vimelipeleka pipa la mafuta juu ya dola 100, na shilingi yetu ilikuwa ikishuka thamani mwaka ule.

Tena kuna jambo la mafuta ya taa. Katika bajeti ya Juni 2011 ushuru wake ulipandishwa kutoka shilingi 52 hadi zaidi ya shilingi 400 kwa lita. Nia haikuwa mbaya. Walikuwapo wafanyabiashara waliochanganya mafuta ya taa, yaliyokuwa rahisi, ndani ya dizeli, wakiharibu injini za watu na kuinyima serikali kodi. Uovu huo ulienea hata ukavuma pamoja na neno lake, kuchakachua, ambalo baadaye watu walilitumia kwa kura na kwa kila kilichoharibiwa kwa hila. Kurani Tukufu ina sura nzima iliyopewa jina la wapunjao vipimo, wale ambao wakipokea hutaka kamili na wakitoa hupunguza. Mwenye kuuza dizeli iliyochanganywa ni mmoja wao hata kama mashine yake inahesabu lita sawasawa. Lakini tazama, ndugu msomaji, jinsi dhambi ya mmoja inavyomwangukia asiyehusika: ili kumzuia mchakachuaji, bei ya mafuta ya taa ilipanda ikakaribia ile ya dizeli, na mama wa Charambe au Tandale asiyekuwa na gari wala jenereta, naye umeme umekatwa, alilipia kibatari chake kwa ajili ya makosa ya watu asiowajua.

Ndipo mwezi wa Agosti Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, ambayo ilikuwa ikitangaza bei za kikomo tangu mwaka 2009, ilipotangaza bei mpya. Petroli jijini Dar es Salaam ilishushwa kwa zaidi ya shilingi 200, ikawa shilingi 2,004 kwa lita. Watu walifurahi, lakini furaha haikudumu hata siku moja. Kampuni nyingi ziligoma kuuza, zikidai kwamba shehena iliyomo katika matangi ilinunuliwa kwa bei ya zamani na kwamba zitapata hasara. Vituo vikafungwa. Daladala zikapungua barabarani, na watu wakatembea kwa miguu kutoka mjini hadi Mbagala na hadi Mwenge. Serikali ikatoa amri, kampuni moja kubwa ikafungiwa leseni kwa miezi mitatu, mafuta yakaanza kutoka. Kisha katikati ya mwezi huo huo bei ikapandishwa tena. Na haya yote yalitokea katika siku za mwanzo za Ramadhani ya mwaka 1432 Hijria. Wapo waliofunga matumbo yao tangu alfajiri na kufunga pampu zao vile vile.

Sasa turudi kwenye hukumu. Wapo wanaosema kuwa bei ni kadari. Akipanda amepandisha Mungu, akishusha ameshusha Mungu. Mwenye mali auze apendavyo, na serikali isiingilie. Nao huleta hoja kutoka katika Hadithi. Imepokewa kwa Anas r.a. kwamba zama za Mtukufu Mtume s.a.w. bei zilipanda Madina, watu wakamwomba awapangie bei. Naye akakataa. Aliwaambia kuwa Mwenyezi Mungu ndiye apangaye bei, abanaye na akunjuaye, na kwamba yeye anatumaini kukutana na Mola wake pasipo mtu yeyote kumdai dhuluma ya damu wala ya mali. Hadithi hii imo katika Abu Daudi na Tirmidhi, na mtu mwenye kuchunguza dini yetu ana haki ya kuuliza: ikiwa Mtume alikataa, EWURA yatoka wapi?

Jibu limo katika Hadithi yenyewe kwa anayeisoma kwa utulivu. Mtume s.a.w. aliogopa kudhulumu. Bei za Madina zilikuwa zimepanda kwa sababu chakula kilikuwa kidogo, wala hapakuwa na mfanyabiashara aliyefanya hila. Kumlazimisha muuzaji mwaminifu, aliyenunua kwa ghali na kusafirisha kwa taabu, auze kwa hasara, huko kungekuwa kumnyang'anya. Lakini Mtume huyo huyo s.a.w., katika Hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, amesema kwamba hafichi bidhaa kungoja zipande ila mwenye dhambi. Haiwezekani basi kumtumia Mtume s.a.w. kuwa ngao ya mtu aliyemwita mkosaji.

Mwanachuoni Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliliweka jambo hili wazi katika kitabu chake juu ya hisba, yaani usimamizi wa soko. Kupanga bei, asema, kuna kwa namna mbili. Kupo kuliko dhuluma, nako ni haramu: kumlazimisha mtu auze kwa bei asiyoiridhia hali uchache ni wa kweli wala hakuna aliyekosea. Na kupo kuliko uadilifu, nako huwa wajibu: pale wenye mali wanapokizuia kitu ambacho watu hawawezi kuishi bila hicho, wasikiuze ila kwa zaidi ya thamani inayojulikana. Hapo mtawala huwalazimisha kuuza kwa bei ya haki, wala hakuwadhulumu, bali amewarudisha katika haki waliyoitoroka.

Kwa kipimo hicho hata ule mgomo wa mwaka 2011 wapaswa kuhukumiwa kwa insafu. Ikiwa ni kweli kwamba yalikuwapo matangi yaliyojazwa kwa bei ya juu, mwenye tangi alikuwa na hoja ya kuipeleka mbele ya mamlaka, na mamlaka ilikuwa na wajibu wa kuisikiliza kabla ya kutangaza. Ukweli kwamba bei ilipandishwa tena muda mfupi baadaye waonyesha kuwa hesabu haikuwa nyepesi. Sisi hatusemi kuwa serikali haikosei. Lakini mwenye hoja huipeleka hoja yake huku pampu ikiendelea kutoa. Aliyefunga pampu ili mji uteseke mpaka hoja yake ikubaliwe, huyo amewafanya wagonjwa na wanafunzi na wasafiri kuwa rehani ya faida yake. Hilo ndilo jambo lenyewe lililokatazwa.

Wala si jambo la mwaka mmoja. Wazee wetu wanakumbuka miaka ya 1973 na 1974, mvua zilipokosekana nchini na mafuta ya dunia yakapanda karibu mara nne kwa pamoja, nchi ikalazimika kununua nafaka ng'ambo na mafuta ng'ambo kwa mfuko ule ule mmoja. Tume ya Bei iliundwa mwaka 1973, na bidhaa nyingi sana zikawa na bei ya serikali. Kisha bidhaa zikatoweka madukani zikaenda kuuzwa uani. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ikatungwa sheria ya wahujumu uchumi, walanguzi wakasakwa, na inasemekana watu walitupa sukari na sabuni mashimoni na mitoni kwa hofu. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha mafuta, serikali haikuwalazimisha wauzaji wabebe hasara peke yao, bali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni. Hata hivyo mwezi wa Agosti mwaka huo petroli jijini Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410. Mwaka uliofuata mafuta yakaadimika tena, na EWURA ikavifungia vituo kadhaa kwa kosa la kuyaficha. Njia za serikali zimebadilika mara nyingi katika miaka hamsini, lakini mwenye kuficha habadiliki.

Je, mtawala afanye nini wakati wa dhiki? Tunao mfano wa Seyidna Umar r.a. katika mwaka wa 18 Hijria, unaoitwa Mwaka wa Majivu, mvua ilipokatika Uarabuni na upepo ukapeperusha vumbi kama majivu. Aliwaandikia magavana wake wa Shamu na Iraki, misafara ya chakula ikaja, naye akasimamia ugawaji wake mwenyewe. Tena akaapa asile samli wala nyama mpaka watu wa kawaida waweze kuzipata. Akala mafuta ya zeituni hata rangi yake ikageuka, na tumbo lake likinguruma alilisemesha, akiliambia lizoee, kwa kuwa halitapata kingine. Siku moja mtumishi wake alimnunulia samli na maziwa kwa bei ghali. Akaamuru vitolewe sadaka, akauliza vipi atayajali mambo ya raia ikiwa yeye hakuguswa na kilichowagusa. Laiti kila mwenye gari la ofisi lililojazwa mafuta kwa fedha ya umma angelikumbuka swali hilo kila bei mpya zinapotangazwa. Anayetangaza bei na asiyeilipa hawezi kuujua uzito wake.

Lakini, ndugu msomaji, ni rahisi mno kuwasema wenye matangi na wenye magari ya ofisi. Ndugu yetu wa Kigogo hakuwa na tangi. Alikuwa na madumu mawili. Twende kwake.

Dumu la kwanza hatuoni lawama kubwa ndani yake. Aliamka usiku, akapanga foleni, akabeba, akagawa, akauza siku ile ile kwa faida ndogo. Ni kweli kwamba hana leseni na kwamba sheria ya nchi haimruhusu, na Mwislamu ametakiwa kutii sheria za nchi anayoishi, hilo tumemweleza. Ila kwa upande wa dhuluma, wanunuzi wake walijua wanachonunua, na alifanya kazi kwa ajili yao. Uislamu haukuweka kikomo cha faida kwa kila biashara.

Dumu la pili ni jambo jingine kabisa. Lile halikuwa na kazi yoyote ndani yake. Lilikaa chini ya kitanda siku tatu wala hakulifanyia chochote, ila alingoja. Kilichoongeza thamani yake ni shida ya watu. Kila gari lililokwama barabarani, kila kijana aliyesukuma pikipiki yake kutoka Magomeni, alikuwa akimwongezea shilingi katika dumu lake. Mtu anapofika mahali ambapo dhiki ya jirani zake ndiyo baraka yake, na akalala usiku akitumaini kesho pia vituo visifunguliwe, basi hata kama ni lita ishirini tu amekwisha kuwa mfichaji kama mwenye meli. Tofauti yao ni ukubwa wa kitanda.

Hapo ndugu yetu alituuliza kwa haraka: lakini Uislamu si hufuta yaliyotangulia? Naam, hufuta. Mtukufu Mtume s.a.w. alimwambia hivyo Amr bin al-As r.a. aliposilimu, naye alikuwa amepigana na Waislamu kwa miaka. Dhambi iliyokuwa baina ya mtu na Mola wake huondoka siku ile anapotamka shahada kwa moyo wa kweli, na hatupaswi kumkatisha tamaa mtu ambaye Mungu amempokea. Lakini kuna kisa kingine. Mughira bin Shu'ba r.a., kabla ya kusilimu, aliwaua wenzake safarini akachukua mali zao, kisha akaja Madina akasilimu na mali mkononi. Mtume s.a.w. akamjibu kwamba Uislamu wake anaukubali, ama mali ile yeye hahusiki nayo kwa lolote. Imo katika Sahihi Bukhari. Twaona basi kuwa mlango wa toba hauwi mlango wa kuhalalisha fedha za watu. Ukimjua uliyemdhulumu, haki yake ingali haki yake. Usipomjua na huna njia ya kumpata, toa kiasi hicho kwa maskini kwa niaba yake.

Wanunuzi wengi wa dumu lile hawajui, walikuwa wapita njia. Kwa ajili yao atatoa sadaka kadiri ya makisio yake. Lakini jirani anamjua.

Tulipofika hapo alikaa kimya, kisha akatueleza jambo ambalo hakulisema mwanzo. Miezi minne tu baada ya kisa cha petroli, tangu tarehe 20 Desemba 2011, siku chache baada ya taifa kusherehekea miaka hamsini ya uhuru, mvua iliyokuwa imekawia ilikuja yote kwa pamoja. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema Dar es Salaam haikupata kuona mvua kama ile tangu mwaka 1954. Bonde la Msimbazi lilijaa, watu zaidi ya arobaini walikufa, na maelfu walibaki bila makazi. Usiku maji yalipoanza kuingia Kigogo, aliyegonga mlango wa ndugu yetu kwa nguvu mpaka akaamka na kuwatoa watoto ni jirani yule wa lita tano. Hakutaka chochote. Alikuwa na mlango wake mwenyewe wa kushughulikia, naye aliuacha kwanza.

Nyumba ya jirani haikupona. Serikali ilipotoa viwanja Mabwepande, mbali kaskazini mwa Kinondoni, kwa baadhi ya waathirika wa mabondeni, alikuwa miongoni mwa waliohamia huko mwaka 2012, wakaanza katika mahema, mahali ambapo kwenda mjini kutafuta kibarua ni nauli ya kufikiri mara mbili, na nauli hupanda kila petroli inapopanda. Ndugu yetu naye alihamia Mbagala, upande wa pili wa jiji. Hawajaonana tangu wakati huo. Namba yake ya simu anayo, ila hajapata kuipiga.

Tulimwambia aipige. Akauliza, kwa kuwa yeye ni mtu wa hesabu, alipe kiasi gani: ziada ya lita tano kwa bei ya mwaka 2011, au kwa bei ya leo? Tulimjibu kuwa kilichozidi bei ya haki kwa kila lita kilikuwa karibu shilingi elfu mbili. Kwa lita tano ni shilingi elfu kumi, na hilo ndilo deni. Akasema shilingi elfu kumi ya leo si ile ya mwaka ule. Tukamwambia ni kweli, na kwamba lolote atakaloongeza juu yake ni hisani, nayo haina bei ya kikomo. Aliondoka msikitini kwenda kutafuta daladala ya Mbagala, na simu ameishika mkononi.